Chupa Moja kwa Kila Pipa

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, Mzee Singano alichomoa fimbo ya kupimia kutoka kwenye pipa la tatu, akaitazama, akaifuta kwa gazeti, akaitumbukiza tena. Ilipotoka mara ya pili, unyevu uliishia palepale, chini ya mstari wa wino tuliouchora siku ya kufunga pipa. Alikwenda pipa la nne, kisha la tano, halafu akanigeukia mimi, maana kupima ndiyo ilikuwa kazi yangu. “Hemedi, haya mapipa yanavuja?” Nikamwambia hayavuji, nilikuwa nimeyazungusha moja moja na sakafu chini yake ilikuwa kavu. “Mifuniko je?” Waya za kufungia zilikuwa hazijaguswa. Akaiegemeza fimbo ukutani taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. “Basi,” akasema, “kuna mtu hapa anajua kufunga waya kuliko wewe.”

Mwezi uliopita tulimzika Mzee Singano hapa Lukozi. Alikuwa mtu wa watu, na waliokuja walijaza uwanja hadi kwenye migomba ya jirani. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na sahani yangu ya wali nilipomsikia mtu wa nyuma yangu, kijana ambaye mwaka ule hata hakuwa amezaliwa, akimsifu marehemu: “Mzee alikuwa na moyo. Kuna mama mmoja alimwibia mbolea miezi na miezi, na hakumpeleka polisi.” Wenzake wakaitikia kwa masikitiko. Niliiweka sahani chini. Jambo hili nimelieleza msikitini, sokoni, kwenye gari la Lushoto, na mara moja kwa daktari aliyekuwa akinichoma sindano. Nimelieleza kwa maneno, kwa vijiti na kwa chupa. Watu wananisikiliza kwa heshima, wanatikisa kichwa, halafu wanakwenda kusema vilevile walivyosema jana. Kwa hiyo sasa naliandika.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimemaliza kidato cha nne na kurudia mtihani bila faida, na Mzee Singano alikuwa ameanza kutengeneza mbolea ya maji ya kunyunyizia kabichi na nyanya. Aliitengenezea kwenye ghala la zamani la viazi, nyumba ya mawe yenye dirisha moja dogo, juu kidogo ya barabara ya kwenda Mtae. Vumbi la dagaa lililetwa kutoka Tanga kwa magunia. Tulilichemsha kwa maji, tukachuja mifupa, tukaacha lipoe mpaka mkono uweze kuvumilia, kisha tukatia utomvu wa mapapai mabichi yaliyotoka Mombo. Utomvu ule ndio unaokatakata nyama. Mama yeyote anayechemsha nyama ngumu na kipande cha papai bichi anaujua. Tulijaza mapipa ya bluu mpaka kwenye mstari, tukafunga kwa waya, na kuyaacha kwa wiki nzima chumba kikipashwa joto kwa jiko la mkaa, kwa sababu baridi ya huku ingeulaza utomvu usifanye kazi. Kisha jiko linazimwa, mapipa yanapoa, yanafunguliwa, na ile supu ya kahawia inaingia kwenye chupa za lita moja. Harufu yake siwezi kuieleza kwa mtu ambaye hajaivaa. Iliingia kwenye nywele, kwenye shuka, kwenye chai. Shaban, dereva wetu, alikuwa akisema faida pekee ya kazi ile ni kwamba ukipanda gari unapata siti mbili.

Aliyechemsha na kulinda jiko alikuwa Mama Naomi, mjane wa makamo, Mlutheri, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Ufunguo wa chumba cha mapipa ulikaa shingoni mwake kwenye uzi mweusi. Mchana alitupikia makande yenye karoti, na kwa kuwa sisi wote tulinuka dagaa, aliapa kwamba dagaa hawatagusa sufuria ile, na kweli hawakugusa. Usharikani alikuwa mtunza fedha wa kikundi cha akina mama. Kisanduku chao kilikaa chini ya kitanda chake, na nadhani hakuna kitu duniani alichojivunia zaidi, ingawa hakuwahi kukitaja isipokuwa Jumapili alipokuwa akikifunga kwenye khanga ili akibebe. Hivyo Mzee Singano aliposema kwamba kila pipa linapungua chupa tatu, na kwamba mwenye ufunguo ni mmoja, wote tulielewa ni nini kinachotikisika. Asiyeaminiwa kwa mapipa ya tajiri hawezi kuaminiwa kwa sadaka.

Nilidhani nina jibu. Nilikwishasoma kwamba kitu kikipoa kinasinyaa, na supu yetu ilifungwa ikiwa moto na kufunguliwa ikiwa baridi. Nikamwomba Mzee pipa moja tupu. Nikalijaza maji matupu yenye joto lilelile, mpaka kwenye mstari uleule, nikalifunga na kulipanga katikati ya mengine. Wiki ilipokwisha tulilifungua mbele ya watu wote. Maji yalikuwa yamepungua kiasi cha chupa mbili, na pipa lile nilikuwa nimelitia kufuli ambalo ufunguo wake nilikaa nao mimi. Nilifurahi sana, nilimtazama Mama Naomi naye akaachia tabasamu dogo. Mzee Singano akaitazama fimbo muda mrefu. “Kwa hiyo chupa mbili ni baridi,” akasema. “Ndiyo, mzee.” “Na mapipa ya dagaa yamepungua tatu.” “Ndiyo, mzee.” “Basi chupa mbili zimeibwa na baridi,” akasema kwa utulivu kabisa, “na moja imeibwa na mtu.” Kabla ya kipimo changu shaka yake ilikuwa pana na ya kukisia, kama shaka ya tajiri yeyote. Sasa nilikuwa nimempa hesabu. Tangu siku hiyo hakusema tena “mapipa yanapungua.” Alisema “chupa moja kwa kila pipa,” na kila aliyemsikia aliona kwamba mtu anayetaja idadi namna hiyo lazima awe na ushahidi.

Ukuta kati ya chumba changu cha kupimia na uwanja wa kuoshea chupa ulikuwa wa mbao, na mbao za mkaratusi zikikauka zinaachana. Nilisikia kila kitu. Wanawake wawili waliokuwa wakiosha chupa walikuwa na habari kwamba Mzee anakusudia kwenda kwa Mwalimu Mbwana, aliyetufundisha wengi wetu madrasa, kumwomba asome Halbadiri. Kwa asiyejua, ni kisomo cha kumwapiza mwizi asiyejulikana, na huku milimani watu wanakiogopa kuliko kituo cha polisi. “Lakini Mama Naomi ni Mlutheri,” mmoja alisema, “itamshika vipi?” Shaban alikuwa amekaa juu ya kreti akila peasi. “Halbadiri haiulizi cheti cha ubatizo,” akasema. “Wewe cheka tu! Ikianguka inapiga ukoo mzima. Mjukuu anavimba tumbo.” “Basi mimi salama, sina mjukuu.” “Wewe hata mke huna, nani akutake na harufu hiyo?” Walicheka, chupa zikagongana. Kisha nikasikia kandambili za Mama Naomi zikipita, na hakuna aliyemsalimu.

Nilifuatana na Mzee Singano kwenda kwa Mwalimu kwa sababu alitaka mtu wa kutaja vipimo. Mwalimu Mbwana alitukaribisha barazani, tukamwamkia, akauliza habari za nyumbani, za mashamba, za barabara, na hakuharakisha hata moja. Halafu akasema, “Haya, Singano. Nisomee kitu gani kilichopotea?” “Mbolea, Mwalimu.” “Kiasi gani?” “Lita moja kwa kila pipa.” “Ilionekana mahali? Iliuzwa kwa mtu?” “Hapana.” “Chupa iliyofichwa ilipatikana?” “Hapana, Mwalimu.” Akanikazia macho mimi. “Na wewe Hemedi, ndiyo maji ya dagaa haya ninayoyasikia kutoka kwenye kanzu yako?” Nikasema ndiyo, shikamoo nyingine ikinitoka kwa woga. “Mwizi wa kitu hiki,” akasema, “hahitaji Halbadiri. Simameni sokoni mnuse.” Mzee Singano hakucheka. Mwalimu akaona hakucheka, akabadilika. “Sikiliza. Kisomo kile si bunduki ya kupiga gizani. Nenda ukajue kwanza kama kitu kimeibwa, kisha uje Ijumaa.” Sisi tuliondoka na ushauri. Kijijini ilifika sentensi ya mwisho tu: Ijumaa.

Alhamisi Mama Naomi aliuza mbuzi wake wawili. Kesho yake alikuja asubuhi na mapema, akamwita Mzee Singano mbele yetu sote, akapiga goti kidogo kama ilivyo desturi, akamkabidhi fedha zilizokunjwa kwenye leso. Alikuwa amehesabu chupa zote tangu msimu uanze, kwa bei ya dukani. “Mimi sijachukua,” alisema. “Lakini Naomi ana mimba, na sitaki kitu kisomwe juu ya nyumba yangu. Pokea, mzee, tulale.” Mzee alipokea. Alisema amemsamehe. Nilitaka kupiga kelele. Yaani mtu anasema hajaiba, na mwingine anamsamehe, na watu wazima wamesimama wanaona mambo yamekwisha vizuri! Mchana makande yalikuwa yaleyale, lakini alitupakulia bila kutuangalia, na Jumapili wanawake wa kikundi walimwomba “apumzike kidogo” na kile kisanduku. Asiyeiba halipi, walisema. Ufunguo alimpa Shaban kwa hiari yake. Wiki iliyofuata tukafungua mapipa: chupa moja kwa kila pipa. “Unaona?” nilimwambia Mzee. “Naona,” alijibu. “Amemfundisha Shaban.” Shaban alirusha kofia chini. “Mimi? Mzee, mimi nikitaka kuiba hapa nitaiba mkaa!”

Nilikwenda Lushoto mjini kutafuta kitabu. Kwa mchuuzi wa mitumba ya vitabu nilipata kimoja cha kemia, kizito, jalada limeliwa na mende, na nilikisoma miezi minne kwa kamusi na kibatari, nikirudia kurasa zilezile mpaka nikazichukia. Nilichokuwa nakitafuta kilikuwa ukurasa mmoja tu. Protini ni mnyororo mrefu, na pingili zake ni vitu vidogo viitwavyo asidi amino. Mnyororo mfupi wa pingili chache huitwa peptidi. Pingili zikiwa zimeungana, pale kwenye kiungo pametulia. Lakini ukikata kiungo, unapata ncha mbili mpya, moja yenye chaji chanya, nyingine chaji hasi, na maji yaliyo karibu yanavutwa na ncha hizo, yanabanana kuzizunguka kuliko yanavyobanana yakiwa peke yake. Maji yaliyobanana yanachukua nafasi ndogo. Uzito ni uleule, ujazo umepungua. Nilifunga kitabu nikatoka nje nikatazama kabichi. Utomvu wa papai ulikuwa ukikata mamilioni kwa mamilioni ya viungo ndani ya kila pipa lililofungwa kwa waya, na kila mkato ulikuwa ukivuta maji ndani kidogo. Mwizi tuliyekuwa tukimtafuta ndiye tuliyemtia wenyewe kwa kijiko.

Baadaye maishani nimeyapima haya kwa raha yangu, kwa chupa ndogo ya kioo na mizani ya sonara. Asidi amino ndogo kuliko zote, glisini, ni unga mweupe wenye utamu kidogo. Ukiiyeyusha, mchanganyiko unakosa sehemu ya ujazo ambao ungeutarajia kwa kujumlisha maji na chembe zile ngumu. Ukienda kwenye zile kubwa zaidi, kila kaboni inayoongezeka kwenye mkia wake inaongeza nafasi karibu ileile, kama vyumba vinavyojengwa kwa ramani moja. Na peptidi ya glisini mbili inachukua nafasi kubwa kuliko hesabu ya haraka inavyosema, kwa sababu zilipoungana jozi moja ya chaji ilipotea na maji yake yakaachiliwa. Ni mambo yenye mpangilio mzuri, na yangenipa furaha tupu kama nisingeyajifunza kwa sababu ile. Kosa letu halikuwa ujinga tu. Sisi huku hatuzoei kupima kwa uzito. Tunauziana kwa debe, kwa kisado, kwa tenga, kwa gunia la lumbesa lililoshonewa kichwa cha nyasi, na maisha yetu yote tumepunjwa kwa ujazo. Mkulima wa Lukozi akiona kitu kimeshuka chini ya ukingo, hafikirii kitu kingine: kuna mkono umepita. Wala hakosei mara nyingi. Ndiyo maana ilikuwa vigumu sana kumwondolea wazo hilo mara hii moja.

Nilichukua chupa mbili za soda. Nikazijaza supu ileile, iliyochemshwa na kupozwa kwenye sufuria moja. Ya kwanza nikaitia utomvu mzima, ya pili utomvu niliouchemsha mpaka ukafa. Kila moja nikaiziba kwa mpira uliochomekwa mrija mwembamba wa kioo, mirija niliyopewa na fundi wa maabara ya sekondari, supu ikapanda ndani ya mirija yote mpaka kwenye uzi mwekundu. Nikazipima uzito. Kisha nikazisimamisha pamoja kwenye ndoo moja ya maji ya uvuguvugu kando ya jiko la mkaa, ili baridi ikija ije kwa zote mbili. Mzee Singano alileta kiti akakaa mwenyewe mbele ya ndoo. Mama Naomi alisimama mlangoni, mikono ndani ya khanga. Kufika mchana, mrija wa utomvu uliokufa ulikuwa palepale kwenye uzi. Ule mwingine ulikuwa umeshuka. Jioni ulikuwa umeshuka upana wa vidole vinne, na hakuna mtu aliyeugusa, kwa kuwa tajiri mwenyewe aliukodolea macho siku nzima na makande yake aliyala kwenye kile kiti. Nikazitoa, nikazifuta, nikazipima tena. Uzito haukubadilika.

“Kwa hiyo maji yamejibana,” alisema hatimaye. “Ndiyo, mzee.” “Peke yake.” “Peke yake.” Alikuwa mwerevu, na sitamsingizia, alielewa siku ileile kuliko wengi walivyoelewa kwa miaka. Alisimama, akakunja kiti, akaagiza kwamba kuanzia hapo mapipa yajazwe juu ya mstari kwa kiasi cha chupa tatu, ili yakikomaa yatoe hesabu kamili. Nikasubiri. Alikuwa ameshafika mlangoni. Nikamwambia, “Mzee, na fedha za Mama Naomi?” Akageuka kwa mshangao wa kweli. “Hizo alinipa mwenyewe. Mimi sikumdai. Mashahidi mpo.” “Alizitoa kwa kitu ambacho hakikuibwa.” “Sasa kama hakikuibwa,” alisema, na aliamini anachosema, “basi alinipa zawadi, na zawadi hairudishwi.” Mama Naomi alikuwa bado pale. “Acha, mwanangu,” aliniambia. “Acha nini, mama? Nitakwenda usharikani na chupa hizi, niwaonyeshe.” “Mwislamu uje kanisani na maji ya dagaa? Watasema nimekutuma.” Mwisho wa mwaka alihamia Mtae kwa Naomi, na kisanduku kilibaki kwa mwingine.

Siku ya mazishi, kama ilivyo desturi yetu, mtoto mkubwa wa marehemu alisimama akatangaza kwamba anayemdai baba yake aje kwa familia. Kwa kawaida watu hukaa kimya. Nilisimama. Nikasema marehemu anadaiwa na Mama Naomi wa Mtae, nikataja kiasi, nikaeleza tena yote: utomvu, viungo, chaji, maji kujibana. Walinisikiliza vizuri sana. Mzee mmoja wa ukoo akauliza, “Sasa Hemedi, zile chupa zilikwenda wapi?” Nilikaa chini. Lakini mtoto wa marehemu ni mtu mwema na hakutaka baba yake alale na neno, kwa hiyo baada ya siku tatu alinipa bahasha, kiasi kilekile nilichotaja.

Niliipeleka Mtae mwenyewe, njia nzima mvua. Mama Naomi amezeeka, anatembea kwa fimbo, lakini sauti ni ileile. Alinikaribisha karibu na moto, akanipa chai ya mchaichai na kiazi cha kuchoma, akauliza msiba ulikuwaje. Kisha akafungua bahasha, akahesabu noti, akazipanga kwenye paja. “Wamesema ni ya nini?” aliuliza. Ningeweza kumdanganya. “Wamesema ni sadaka, kwa ajili ya marehemu.” Akazirudisha noti ndani moja moja, akakunja bahasha, akanirudishia. “Sadaka kuna maskini wake,” alisema. “Mimi nilikuwa nadai.” Nilimsihi, nikamweleza kwamba neno tu lisimzuie, kwamba fedha ni zilezile. Naomi naye akamsihi. Mwisho alikasirika na kutuambia tumwache anywe chai. Nilirudi Lukozi na bahasha, nikaikabidhi kwa familia, nao wakaipokea bila kuuliza. Kwa hiyo hesabu imefungwa hivi: kilichoibwa kwa Mzee Singano, hakuna, alichopoteza Mama Naomi, shilingi elfu arobaini na mbili.